Safari Ifuate Maji

Bweni la Wasichana, Chuoni
12 Aprili 2025

Mama mdogo Kidawa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mzima kupita kiasi, na ukisoma mbele utajua kwa nini.

Najua utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mpaka nikachoka. Ndipo jirani yako Mwanamkuu akaniambia simu yako ilitumbukia majini ukiwa shambani kwenye mwani, na hujapata nyingine. Basi nimekaa kuandika. Abeid, kijana wa huko kwetu, anavuka kesho kutoka Nyamisati, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Habari yenyewe ni hii. Darasa letu lote la sayansi ya bahari litakwenda mafunzo kwa vitendo mwezi wa Juni, na unadhani tunakwenda wapi? Utende! Ghuba ya Chole! Mwalimu wetu, Dokta Godlove, alipotangaza, Audax aliyekaa karibu nami akauliza kama huko kuna mtandao wa simu. Nilicheka hadi nikaulizwa nina nini. Mama mdogo, nakuja nyumbani na darasa zima.

La pili. Mwishoni mwa Mei chuo kina Wiki ya Uelewa wa Ulemavu. Cresensia, ninayelala naye chumba kimoja, ndiye mwenyekiti wa umoja wetu wa wanafunzi wenye ulemavu. Yeye macho yake yanaona kwa shida, lakini hakuna linalompita. Nimechaguliwa kuzungumza siku ya ufunguzi. Nilisita kidogo. Mwaka jana waliwapa wanafunzi wazima viti mwendo wazunguke navyo asubuhi nzima, wajionee maisha yetu. Wakacheka, wakapiga picha, na saa ya chakula ilipofika wakasimama wakaenda kula. Mwaka huu nataka niseme kitu chenye uzito. Sijui bado ni kitu gani.

Msalimie mjomba Shaabani. Najua hapendi wageni tangu alipoanguka mnazini, lakini mwambie hawa ni wageni wangu.

Mwanao,
Aziza

*

Utende, Mafia
20 Aprili 2025

Aziza mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Barua nimeipata, nimeisoma, nikamsomea Mwanamkuu, naye kaisoma tena mwenyewe kwa sauti mbele ya kina mama wote wa kikundi cha mwani. Kwa hiyo usishangae ukikuta Utende nzima inajua safari yako kuliko unavyoijua wewe.

Nimemwambia Taufiki aizibe mashua yake vizuri, wasije watu wa chuo wakachota maji yanayoingia njia nzima. Nimeagiza mkeka mpya. Hebu nijibu, hao wenzako wa bara wanakula pweza? Maana nikimpika mtu pweza wa nazi akaniangalia kama nimempikia kiatu, wallahi sitanyamaza.

Mjomba wako nimempa salamu zako. Amesema, “Watu watamkodolea macho mtoto wa watu. Kwa nini asisome vitabu vyake huko huko?” Nimemwacha. Tangu mgongo ulipovunjika yule mtu hajavuka kizingiti cha ua, anaamini ulimwengu mzima umekaa nje unamngoja atoke umcheke.

Mimi nakumbuka nilivyokuwa nakubeba mgongoni kwenda shule, mama yako amekwishafariki, na watu wananiuliza, “Kidawa, huyo asiyetembea unampeleka wapi?” Nikiwajibu, “Darasani.” Basi na waje wakuone sasa.

Njoo. Nakusubiri.

Mama yako mdogo,
Kidawa

*

Chuoni
3 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa ufupi wa barua hii, nina kazi nyingi. Nadhani sitaweza kuja Juni. Nimepewa kazi nyingine ya kuandika hapa maktaba. Wenzangu watakuja, ila usijisumbue kuwapikia, watakuwa na mpishi wao. Mkeka uweke, utafaa siku nyingine.

Mjomba na Mwanamkuu nawasalimu.

Aziza

*

Utende
9 Mei 2025

Aziza,

Nimesoma barua yako nikadhani nimekosea. Nikairudia. Ni hiyo hiyo.

Mimi nimekulea, kwa hiyo usinidanganye. Mtoto aliyecheka mpaka akaulizwa ana nini hawezi baada ya wiki tatu kuniambia maktaba ina kazi. Darasa zima linakuja kwenu, wewe mwenye kwenu ubaki na vitabu?

Nimekaa nimefikiri. Kama ni nyumba, najua bati limetoboka na choo kiko nje. Kama ni mimi, najua mikono yangu imepasuka kwa chumvi na nikicheka nacheka kwa sauti kubwa. Au ni mjomba wako? Hutaki waone kwamba nyumba moja ina watu wawili wasiotembea? Sema. Mtu akiona haya kwao, ni heri aseme kuliko kuandika mistari mitano yenye baridi.

Nimewaambia kina mama kwamba huji. Mwanamkuu aliuliza kwa nini, nikasema unaumwa. Sasa nimesema uongo kwa ajili yako, na sijui hata ni kwa ajili ya nini.

Mjomba wako alisema neno moja tu: “Nilijua.”

Kidawa

*

Chuoni
13 Mei 2025

Mama yangu mdogo,

Shikamoo, nami nikiwa na aibu, lakini si aibu uliyoidhania. Nilipofika pale uliposema nawaonea haya, nilifunga barua nikalia. Cresensia akanivuta sikio akaniambia, “Mwandikie kweli leo leo, la sivyo namwandikia mimi.”

Kweli ni hii. Sijakataa kuja. Nimekatazwa.

Dokta Godlove aliniita ofisini. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Akasema, “Aziza, nimekuandalia kazi nzuri ya maktaba. Kule ni mchanga, ni matope, ni kupanda na kushuka mashua. Kiti chako hakiwezi. Nikikupoteza nitamwambia nini mzazi wako?” Nikataka kumwambia kwamba mzazi wangu anakaa palepale tunapopandia mashua. Badala yake nikasema, “Sawa, Dokta. Asante.” Nikamshukuru, mama mdogo! Kwa kuninyima kwetu.

Na juu ya hayo, ratiba ya Wiki imetoka. Jukwaa la ukumbi mkubwa lina ngazi, basi wamepanga vijana wanne wenye glavu nyeupe waninyanyue na kiti changu mbele ya wageni, muziki ukipigwa, niwekwe chini ya bango lililoandikwa “Kila Mwanafunzi, Kila Mahali.” Kisha nishukuru.

Nilikuficha kwa sababu ulikwishafurahi. Sikujua nikuvunjeje moyo. Sasa nimeona nilivyokuvunja vibaya zaidi.

Nafikiria kujitoa kwenye hiyo Wiki. Wamtafute mwingine wa kunyanyua. Unaonaje?

Aziza wako

*

Utende
18 Mei 2025

Mwanangu wa moyo,

Yaliyopita tumeyafuta. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa na hamu, na hamu ikikosa pa kwenda inageuka hasira.

Sasa nisikilize. Usijitoe.

Mimi mambo ya chuo siyajui, lakini najua kitu kimoja. Mtu akikupa jukwaa amekupa kinywa. Hata kama alitaka ushukuru tu, kinywa ni chako. Ukijitoa watampata mwingine, atanyanyuliwa, atashukuru, na mwakani watanunua glavu mpya.

Huyo Dokta wako sidhani ni mbaya. Anaogopa. Lakini hofu ni yake, kwa nini uibebe wewe? Hakukuuliza hata kama unajua kuogelea! Wewe uliyekuwa ukinifuata kwenye kamba za mwani kwa mikono mitupu, kichwa kikitokea huku na kuzamia kule mpaka nikawa nakufunga kitambaa chekundu nikuone!

Na hilo la matope, kweli maji yakitoka mashua hukaa mbali, hata mwenye miguu yake anazama hadi magotini. Kwani ni lazima mtoke maji yakiwa yametoka? Nimezungumza na Taufiki. Amesema siku hizo za Juni ni bamvua, maji yanajaa sana alfajiri na jioni, mashua inaelea hadi penye mchanga. Mengine unayajua mwenyewe, uyapange.

Mjomba wako amesikia yote. Amesema, “Mwache Aziza. Mtu kama sisi akikazana, anajitafutia kuanguka mara ya pili.” Nimekuandikia ulijue, maana sitaki tena tufichane. Lakini mimi namkatalia.

Nenda ukaseme.

Kidawa

*

Chuoni
31 Mei 2025

Mama mdogo!

Shikamoo! Kaa chini kwanza. Kama mikono ina mwani, nawa.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Wageni wamekaa jukwaani kwa mstari, Makamu Mkuu wa Chuo katikati, mama mmoja mnene mwenye miwani. Jina langu likatajwa, muziki ukaanza, wale vijana wanne wakanijia. Wameshika kiti, mmoja ananiambia, “Dada, usiogope.” Nikawaambia, “Asanteni, kaka zangu. Wekeni. Nitasemea hapa hapa chini.”

Wakatazamana. Mshereheshaji akainama kutoka jukwaani akaninong'oneza, “Aziza, wageni hawatakuona huko.”

Nikasema, nami tayari nimepewa kipaza sauti bila kujua kinafanya kazi, “Basi na waje wanaponiona.”

Ukumbi mzima ukasikia. Kisha Makamu Mkuu akanyanyuka, akakamata kiti chake cha plastiki mwenyewe, akashuka nacho ngazi, akakiweka mbele yangu akakaa. Wageni wengine wakafuata, kila mtu na kiti chake, mmoja akagonganisha chake na maua. Juu likabaki bango peke yake.

Nikasema, “Mimi ni Aziza Shaibu. Nimezaliwa Utende, kisiwani Mafia. Mwezi ujao darasa langu linakwenda Utende kujifunza bahari, nami nimeambiwa nibaki maktaba.” Sikupandisha sauti. Nikaeleza kwamba maabara yetu iko ghorofa ya pili, na muhula mzima nimekuwa nikitumiwa picha za vipimo vilivyofanywa na wenzangu. Nikaeleza kwamba Cresensia hupewa mtihani wa herufi ndogo kisha husifiwa kwa uvumilivu. Nikamaliza, “Hatuombi kupigiwa makofi. Tunaomba kuulizwa.”

Makofi yakapigwa hata hivyo. Nikamwona Dokta Godlove anasimama kule nyuma. Nikajiambia, leo nimekwisha.

Akasema, “Aliyemwambia abaki ni mimi. Zamani mashua ilipinduka na wanafunzi wangu. Wote walipona, lakini mimi sijapona. Nilidhani namlinda.” Kisha akaniangalia. “Aziza, unajua kuogelea?”

Nikamwambia, “Dokta, mimi mtu wa Utende.”

Mama mdogo, walicheka mpaka Makamu Mkuu akavua miwani akaifuta. Alipotulia akauliza safari ni lini. Akaambiwa. Akasema, “Mpango wa safari uandikwe upya, na Aziza awe mezani unapoandikwa.” Na maabara akaagiza ihamishiwe chini kabla ya muhula ujao. Jana nimeona mafundi wanapima milango. Cresensia naye karatasi zake zitachapwa kwa herufi kubwa.

Dokta alitaka kwanza anione majini, jambo la haki. Tukaenda kwenye bwawa la chuo. Nikaogelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka akaniambia basi. Yeye mwenyewe alikaa ukingoni na jaketi la kuokolea. Kumbe haogelei!

Mpango nimeuandika. Tutaondoka ufukweni alfajiri maji yakiwa yamejaa, tutafanya kazi bahari ikitoka, tutarudi jioni ikijaa tena. Audax aliusoma akasema, “Kumbe hata sisi hatutatembea kwenye matope!” Nikaupa jina: Safari Ifuate Maji.

Tandika mkeka.

Aziza

*

Utende
14 Juni 2025

Mwanangu,

Barua yako imesomwa mpaka imechakaa. Mwanamkuu analijua lile la viti kwa moyo, na kila akilisimulia wageni wanaongezeka.

Kutoka nyumbani hadi majini ni mchanga laini, magurudumu yako yatazama. Kina mama wa mwani wamekwenda kwa fundi wa mashua, wakaazima mbao, tumezipanga toka mlangoni petu hadi maji yanapofika. Wanaume walisimama wakatutazama, kisha wakaona haya wakaja kusaidia.

Mjomba wako anatuchungulia dirishani. Jana aliniita akasema mbao mbili zimekaa vibaya, moja itateleza. Nikaenda nikakuta kweli. Nikaziweka upya.

Wenzako wanakula pweza au hawali? Hujanijibu tangu Aprili.

Kidawa

*

Utende, Mafia
29 Juni 2025

Mpenzi Cresensia,

Nimekuandikia kwa herufi kubwa usikaze macho. Simu nimeifungia sandukuni isipate chumvi, na leo ni Jumapili, tumepumzika.

Wanakula pweza. Audax anamla kama ana ugomvi naye.

Kazi yetu ni kuhesabu nyasi za baharini. Tunatandaza kamba chini, tunaweka fremu ya mraba, tunahesabu mashina, tunasogea. Mimi nazamia, Audax anaandika. Siku ya kwanza Dokta Godlove aliniita jina kila mara kutoka kwenye mashua. “Aziza! Uko sawa?” Siku ya pili akapunguza. Siku ya tatu nilisahau muda, nikachelewa kurudi kwenye mashua, akanigombeza mbele ya watu wote: “Wewe unadhani bahari hii ni ya kwenu peke yako?” Halafu akashtuka kwa alichokisema. Cresensia, nilifurahi! Tangu nianze chuo sijawahi kugombezwa na mwalimu. Huwa ninahurumiwa tu. Nikamwambia, “Samahani, Dokta,” kwa uso wa majuto, huku ndani nacheka.

Lakini ninalotaka kukuambia ni la mjomba Shaabani.

Ijumaa, baada ya swala ya alfajiri, tulikuwa tayari ufukweni, kumepambazuka kidogo, maji yamejaa pomoni. Taufiki ananiinua kuniingiza mashuani. Nikasikia mbao zinalia nyuma yangu. Nikageuka. Mjomba yuko juu ya mbao. Amekaa, anajisogeza kwa mikono, kanzu ameifunga kiunoni. Mtu ambaye sijamwona nje ya ua tangu nikiwa msichana mdogo. Mama mdogo akamkimbilia, akasema, “Kaka, ngoja nikushike.” Akamjibu, “Niacheni.”

Tukamwacha. Watu walikuwepo, wavuvi, wanafunzi, watoto wanaotoka madrasa, na hakuna aliyecheka hata mmoja. Alifika mwisho wa mbao, maji yanamlowesha, jasho linamtiririka. Akamtazama Taufiki akasema, “Umeziba vibaya huku mbele. Naona toka dirishani kila siku inalala upande.” Taufiki akajibu, “Panda basi unionyeshe.”

Akapanda. Akashinda nasi baharini kutwa. Dokta Godlove alimpa jaketi la kuokolea, mjomba akaliangalia, akauliza, “Na wewe kwa nini umevaa?” Dokta akasema, “Siogelei.” Mjomba akalivaa lake polepole akasema, “Basi tuvae wote.” Wakakaa pamoja kama watu wanaofahamiana miaka.

Jioni tuliporudi mama mdogo alikuwa amesimama majini hadi kiunoni, anatungoja. Alitaka kusema kitu akashindwa. Yule mwanamke, akashindwa kusema!

Wiki yetu ilikuwa nzuri, rafiki yangu. Lakini mwakani tusiifungie ukumbini.

Wako,
Aziza

*

Utende
26 Julai 2025

Mpwa wangu Aziza,

Salamu. Kidawa alitaka kukuandikia haya, nimemnyang'anya kalamu. Mwandiko wangu umeharibika kwa kutotumika, utavumilia.

Mlipoondoka nilidhani nitarudi chumbani. Asubuhi ile Taufiki akapita mlangoni akaita, “Shaabani, maji yamejaa!” kana kwamba ni ada yetu ya zamani. Nikamtukana. Kisha nikaenda. Kesho yake nikaenda tena. Kwanza alinipa kazi ya kuchota maji yanayoingia mashuani. Halafu siku moja injini inamsumbua, akaniambia, “Shika usukani niitazame.” Nikashika. Kumbe kazi yenyewe hufanywa mtu amekaa. Muda wote huo nilikaa chumbani, na kulikuwa na kazi ya kukaa.

Nimekuwa nikisema maneno mengi juu yako. Niliogopa watakufanya kama nilivyodhani watanifanya mimi. Sitayarudia, na wewe usiyaweke moyoni.

Jana Taufiki aliniachia mashua. Nimewapeleka abiria kisiwani Jibondo. Mkondo ulikuwa mkali, upepo unatupiga ubavuni, nikaiinamisha kidogo kidogo mpaka tukapita. Kidawa alikuwa ufukweni analia, nimemwambia siku nyingine alie nikiwa nimeshafika.

Katika mashua alikuwemo mwanamke wa huko huko Jibondo, simjui, na mtoto wake na kuku wawili. Njia nzima ananitazama. Nikajiambia, haya, sasa ataniuliza. Nikajiandaa kwa jibu.

Akaniuliza, “Nahodha, tutawahi kabla ya adhuhuri?”

Nikamwambia tutawahi. Na tuliwahi.

Mjomba wako,
Shaabani